Fungate Visiwani: Msaidie Mwanao Kuchagua Hoteli

Harusi zetu siku hizi zina mipango mingi. Kuna michango ya ukumbi, chakula, keki, mapambo, picha za video, magari na sare za kamati. Kuna kicheni pati na sendofu. Vikao huendelea miezi mitatu au minne, na kila shilingi huandikwa katika daftari la mweka hazina. Hata hivyo, jambo moja mara nyingi huachwa mpaka juma la mwisho: wageni wakishakwenda zao, maharusi watakwenda wapi? Ndipo mtu mmoja kikaoni anaposema, "Wapelekwe Zanzibar," wote wanapiga makofi, na hoteli inachaguliwa kwa kutazama picha mbili tatu katika simu.

Sisi tunaona kwamba jambo hili lastahili kufikiriwa mapema, na kwa makini. Hoteli ya kifahari ya ufukweni si kitu cha bei ndogo. Usiku mmoja tu waweza kula fedha kuliko kodi ya mwezi mzima ya nyumba ambayo maharusi hao hao wanaanza kupanga. Isitoshe, siku za kwanza za ndoa hazirudi mara ya pili. Akina mama wengi mnaosoma ukurasa huu mna mabinti na vijana waliofikia umri wa kuoa na kuolewa, nao watakuja kuwauliza. Ni vema muwe na la kuwaambia.

Fungate si jambo la kigeni

Wako wazazi wanaosema kwamba fungate ni mambo ya Wazungu. La hasha. Pwani yetu ililijua neno hilo tangu zamani: zilikuwa siku saba za harusi ambazo maharusi walikaa ndani, wakipikiwa na kuhudumiwa, bila kusumbuliwa na kazi. Katika Biblia nako tunaliona juma la harusi. Hata Labani, pamoja na hila zake zote, aliliheshimu (Mwanzo 29:27). Na katika Kumbukumbu la Torati 24:5 tunaona jeshi zima likimsamehe vita aliyeoa karibuni, kwa mwaka mmoja, kwa ajili ya furaha ya mkewe.

Kwa hiyo shabaha ya fungate ni moja: wawili hawa wapate kuwa pamoja kwa utulivu, mbali na jiko, ofisi na wageni. Hoteli nzuri ni ile inayowapa utulivu huo kwa fedha wanazoweza kuzilipa. Kama hoteli inawapa picha za kuwaonyesha rafiki zao lakini inawaachia deni la miezi kumi, haikutimiza shabaha.

Maji kujaa na maji kupwa

Katika makala hii tutazungumzia zaidi kisiwa cha Unguja, kwa kuwa ndiko maharusi wengi wa kwetu wanakokwenda. Jambo la kwanza ambalo watu wa bara husahau ni kwamba pwani za Unguja hazifanani.

Pwani ya mashariki, yaani Matemwe, Pwani Mchangani, Kiwengwa, Bwejuu, Paje na Jambiani, ina mchanga mweupe laini na mwamba ulio mbali baharini. Maji yakijaa, bahari hufika karibu na ngazi za hoteli, nayo hupendeza sana. Lakini yakipwa, bahari huondoka kabisa. Mtu huona mchanga, majani ya bahari na madimbwi mpaka kule mwambani, na mahali pengine ni mwendo mrefu wa miguu. Bibi arusi aliyeiona bahari katika picha tu anaweza kuamka asubuhi ya kwanza, akafungua pazia, na kuuliza bahari imekwenda wapi.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda wa siku moja na kitu, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya Unguja hupanda na kushuka kwa kiasi cha mita nne. Siku hizo maji hupwa sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Katikati ya bamvua moja na nyingine huwa maji mafu, ambapo tofauti ni ndogo. Kwa hiyo binti anayetaka Paje au Matemwe atazame kalenda ya mwezi kabla ya kuweka nafasi, na aulize kama hoteli ina bwawa la kuogelea. Akifanya hivyo hatashangaa. Tena kupwa kwa maji nako kuna uzuri wake, maana wawili wanaweza kutembea mbali juu ya mchanga, wamevaa viatu vya mpira kwa ajili ya wale viumbe weusi wenye miiba walalao mwambani.

Pwani ya kaskazini, Nungwi na Kendwa, ni tofauti. Huko bahari haiondoki sana, na mtu anaweza kuogelea karibu saa zote. Kendwa hutazama magharibi, hivyo jua huonekana likizama baharini. Lakini kaskazini kuna watu wengi na hoteli zimesongamana. Baadhi yake hupiga muziki wa dansi mpaka usiku wa manane, na Kendwa inajulikana kwa sherehe za usiku wa mwezi mpevu. Maharusi wanaotafuta ukimya waulize mapema kama chumba chao kitakuwa mbali na muziki huo.

Kusini, upande wa Kizimkazi, pana hoteli chache na watu wachache. Ndiko watu wanakokwenda kutazama pomboo. Na wapo wanaotaka Mji Mkongwe wenyewe, ambao UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2000. Huko Shangani kuna hoteli kubwa zinazotazama bahari, kama Serena na Park Hyatt, lakini mtu haendi mjini kwa ajili ya kuogelea. Huenda kwa ajili ya vichochoro, milango ya nakshi, maduka ya kanga na chakula cha jioni pale Forodhani. Wengi hufanya jambo la busara: usiku mmoja au miwili mjini, kisha siku zilizobaki ufukweni.

Visiwa vidogo

Maharusi wenye uwezo zaidi, au wanaopenda mahali pasipo na watu, wanaweza kufikiria visiwa vidogo. Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, ni hifadhi ya matumbawe tangu mwaka 1994. Kuna mnara wa taa wa mwaka 1904 na vibanda saba tu vya wageni, vinavyotumia maji ya mvua na umeme wa jua. Huko hakuna televisheni wala kelele. Mnemba, upande wa kaskazini-mashariki, ni kisiwa kidogo sana chenye hoteli moja ya gharama kubwa mno. Pemba ina kijani kingi na wageni wachache. Mafia ina hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1995, na kuanzia Oktoba mpaka Machi watu huenda kumwona potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye hana madhara kwa mwanadamu.

Lakini tuseme kweli: kisiwa kidogo si cha kila mtu. Binti aliyezoea watu na mazungumzo anaweza kuchoka siku ya pili. Bwana arusi asiyejua kuogelea atakaa akitazama maji. Ndiyo sababu tunasema kwamba wawili wenyewe wazungumze kwanza. Mmoja anataka kupumzika, mwingine anataka kutembea. Mmoja anaogopa bahari, mwingine amekulia ziwani. Mazungumzo hayo ni mwanzo mzuri wa ndoa, maana yatawafundisha kukubaliana juu ya fedha na starehe kabla ya kufika mambo makubwa zaidi.

Majira na kalenda ya kanisa

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi Wakristo moja kwa moja. Makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima. Kwa hiyo Pasaka ikipita, harusi hufuatana kila Jumamosi. Lakini Aprili na Mei ni miezi ya masika. Visiwani mvua hunyesha kwa nguvu, barabara za vijijini huharibika, na baadhi ya hoteli hufunga kabisa kwa ajili ya matengenezo. Zile zisizofunga hupunguza bei. Kama maharusi hawajali mvua, na wengine hawaijali hata kidogo, huu ni wakati wa kupata chumba kizuri kwa fedha kidogo. Kama wanataka jua, afadhali waoane Jumamosi, wapumzike karibu na nyumbani siku mbili, na waende visiwani mwezi wa saba.

Kuanzia Juni mpaka Septemba kuna ubaridi wa kupendeza na upepo wa kusi. Upepo huo huichafua bahari, hasa upande wa kusini-mashariki. Vuli hunyesha mnamo Novemba, lakini si kama masika. Kisha kaskazi huleta joto na jua la Desemba, Januari na Februari. Desemba ndio mwezi ambao harusi za bara ni nyingi, nao pia ndio mwezi ambao hoteli hupandisha bei, hasa kuanzia juma la Krismasi mpaka baada ya Mwaka Mpya. Harusi ya Desemba 5 na harusi ya Desemba 26 zinaweza kuwa na gharama tofauti kabisa za fungate. Kamati ijue hilo kabla ya kutangaza tarehe.

Na akina mama, tusione aibu kulisema hili: binti apange tarehe kwa kuzitazama pia siku zake za mwezi. Ni jambo dogo, lakini wengi hulikumbuka wakiwa tayari bandarini.

Hesabu kabla ya kulipa

Bwana wetu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, ya kwamba hukaa kwanza na kuhesabu gharama (Luka 14:28). Na tuhesabu. Tutoe mfano wa kubuni: hoteli imeandika dola 180 kwa usiku. Swali la kwanza, je, bei hiyo ni ya chumba au ya mtu mmoja? Kama ni ya chumba, usiku nne ni dola 720. Kama ni ya mtu mmoja, ni dola 1,440. Kosa hili la kutosoma neno moja limewaingiza wengi katika deni. Sasa ongeza gari la kuwapeleka na kuwarudisha, tuseme dola 100, kwa sababu Nungwi na Paje ziko mwendo wa saa moja au zaidi kutoka bandarini. Ongeza chakula cha usiku kama hakimo katika bei, dola 40 kwa wawili, siku nne: 160. Hapo chakula cha mchana, vinywaji na safari ya mashua havijahesabiwa. Bandu bandu huisha gogo.

Kwa hiyo kabla ya kutuma hata senti moja, maharusi waulize hoteli maswali haya, na wapate majibu kwa maandishi:

1. Je, kuna bei ya mkaazi? Hoteli nyingi zina bei nafuu kwa raia na wakaazi wa Tanzania, lakini hazitaji mpaka ziulizwe.

2. Je, kodi zote zimo ndani ya bei, au zitaongezwa siku ya kuondoka?

3. Je, bei ni ya kulala na chai tu, au pamoja na chakula cha usiku, au pamoja na vyakula na vinywaji vyote? Wasiotumia pombe wafikirie mara mbili kabla ya kulipia mpango wa vinywaji vyote, maana watakuwa wanalipia bia ya watu wengine.

4. Je, chumba kinatazama bahari, au bustani, au ukuta wa jirani? Je, kuna ujenzi unaoendelea karibu?

5. Je, kuna chochote kwa ajili ya maharusi? Hoteli nyingi hutoa maua, matunda au chakula cha jioni ufukweni. Baadhi hutaka kuona cheti cha ndoa, kwa hiyo wabebe nakala pamoja na vitambulisho.

6. Harusi ikiahirishwa kwa msiba au ugonjwa, fedha zitarudishwa kiasi gani?

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Picha za hoteli hupigwa siku maji yamejaa na jua linawaka, tena pengine zamani. Wasome maoni ya wageni waliolala hapo miezi ya karibuni, na wamtafute mtu aliyewahi kufika. Fedha zilipwe katika akaunti yenye jina la hoteli yenyewe au la wakala aliye na ofisi inayojulikana, wala si kwa namba ya simu ya mtu binafsi anayejiita meneja. Matapeli wanajua kwamba watu wa harusi wana haraka. Anayetoka nje ya Tanzania aulize pia habari za bima ya safari, ambayo Zanzibar iliifanya ya lazima kwa wageni hao kuanzia Oktoba 2024.

Safari yenyewe

Boti ziendazo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Ndege ndogo huchukua dakika ishirini hivi. Wakati wa kusi bahari huwa na mawimbi, na bibi arusi ambaye hakulala usiku kucha, akapanda boti ya asubuhi tumbo likiwa tupu, anaweza kuanza fungate yake kwa kutapika. Afadhali walale usiku wa kwanza mahali pa karibu na ukumbi, waamke kwa nafasi zao, wale kidogo, ndipo wavuke. Chandarua kitumike huko pia. Malaria imepungua sana Zanzibar, lakini haijakwisha.

Heshima kwa wenyeji

Wengi wa watu wa Zanzibar ni Waislamu, na vijiji viko ubavuni mwa hoteli. Nguo za kuogelea ni za ufukweni na bwawani. Kijijini na mjini bibi arusi ajifunge kanga au avae gauni linalofunika mabega na magoti, na mumewe avae shati. Wakati wa Ramadhani hoteli huendelea kuwapa wageni chakula, lakini si adabu kula na kunywa barabarani mchana. Mkristo anayeheshimu funga ya jirani yake hapungukiwi kitu.

Jumapili wasiikose ibada. Mkunazini kuna kanisa kuu la Anglikana, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, na limejengwa pale pale soko lilipokuwa. Wakatoliki wana kanisa lao la Minara Miwili huko huko Mji Mkongwe. Kusimama Mkunazini na kumshukuru Mungu kwa uhuru, mkono wa mwenzako ukiwa mkononi mwako, ni jambo lisilonunuliwa kwa bei ya hoteli yoyote.

Na wakiwa Paje au Jambiani siku za bamvua, watawaona akina mama wameinama majini kule mbali. Hao ni wakulima wa mwani. Kazi hiyo ilianza Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wanaoifanya ni wanawake, wanaosomesha watoto kwa fedha hizo. Wakinunua sabuni ya mwani kwa mama huyo, au wakila samaki katika mgahawa wa kijijini siku moja badala ya hotelini, fungate yao itakuwa imebariki nyumba nyingine.

Kazi ya mama

Sasa tuseme na wewe, mama. Ukishampa binti yako maarifa haya, mwachie yeye na mumewe wachague. Usimchagulie hoteli kwa sababu mtoto wa shangazi yake alilala pale. Usiruhusu kamati ikope kwenye kikundi cha akiba kwa ajili ya usiku nne, halafu ikawaachia wao marejesho. Bwana arusi mwenye deni hulala chumba cha kifahari na kuhesabu paa usiku kucha, na bibi arusi anayeona hivyo hudhani kwamba amemkosea. Kama fedha zinatosha usiku mbili, usiku mbili zilizolipwa zinatosha. Kama hazitoshi, hapana ubaya wakianza katika chumba chao cha kupanga, mlango umefungwa na ndugu wamekatazwa kubisha, na Zanzibar ikangoja mpaka mwaka ujao.

Tena wakishaondoka, usipige simu kila asubuhi kuuliza wamekula nini. Wakikuhitaji watakupigia.

Neno la mwisho ni kwenu mlioolewa miaka mingi iliyopita, ambao kesho yake ya harusi mlikuwa mnaosha masufuria ya wageni. Maswali sita tuliyoyaandika hapo juu hayana umri. Bei ya mkaazi hutolewa kwa wenye mvi pia, na mwezi wa tano vyumba viko wazi. Mwonyeshe baba watoto ukurasa huu akiwa ameshiba, mketi na kalamu na karatasi, na mhesabu.